Jino Limegoma Kusogea: Kutafuta Chanzo Kwenye Braketi, Waya na Springi

Mgonjwa anarudi baada ya wiki sita, anafungua mdomo, na pengo lililotakiwa kupungua liko vilevile. Hapo mkono wa wengi wetu huenda moja kwa moja kwenye mnyororo mpya wa mpira, mfupi kuliko ule wa mwanzo, ili uvute zaidi. Naomba mkono huo usubiri. Katika kazi ya kupanga meno, ni mara chache nguvu ndiyo iliyopungua. Mara nyingi nguvu ipo, ila imeishia mahali pengine: kwenye kona ya braketi (kile kibandiko kidogo kinachogandishwa juu ya jino ili kishike waya), kwenye waya uliopinda, kwenye jino la jirani, au kwenye jino la taya nyingine linaloligonga hili kila mdomo unapofungwa. Ukiongeza nguvu kabla hujajua ile ya kwanza imekwenda wapi, hakuna unachotibu, unazidisha tu.

Kuna vipimo vichache vya kuwa navyo kichwani. Mfereji wa braketi, yaani mwanya ambamo waya hukaa, uliotokana na kazi ya daktari wa meno Edward Angle miaka ya 1920 una kimo cha inchi 0.022 na kina cha inchi 0.028, mwenzake mdogo una kimo cha inchi 0.018. Mwaka 1970 Lawrence Andrews alileta braketi ambayo mwinamo wa kila jino umechongwa ndani yake, ili waya uingie ukiwa umenyooka badala ya kukunjwa jino kwa jino. Jambo hilo lilitupunguzia kazi ya koleo, lakini lilihamishia makosa mahali pengine: braketi ikikaa kombo, waya ulionyooka utalipeleka jino kombo kwa uaminifu kabisa.

Halafu waya wenyewe. Ugumu wa waya wa duara hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake, na hushuka kwa kipeo cha tatu cha urefu ulio huru. Kutoka inchi 0.014 kwenda 0.018 unaona tofauti ndogo kwa jicho, lakini waya wa pili ni mgumu karibu mara tatu. Na ukiongeza urefu huru mara mbili, ugumu unabaki moja ya nane. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanatokana na namba hizi mbili.

Braketi inabanduka

Usiitupe. Ishike kwa kibano, igeuze, tazama kitako chake kwenye mwanga, kisha tazama jino. Swali ni moja: gundi imebaki upande gani?

Kama gundi yote imetoka na braketi na enameli (gamba gumu la nje la jino) imebaki safi, inang'aa, basi gundi haikushika jino tangu mwanzo. Hapo shuku mate, damu ya fizi, au asidi iliyooshwa vibaya. Njia ya kukwangua enameli kwa asidi ya fosforiki, aliyoionyesha Michael Buonocore mwaka 1955, ingali ndiyo msingi wa kazi hii, na enameli iliyotayarishwa vizuri ikikauka huonekana nyeupe kama chaki. Ukiona sehemu haina weupe huo, usibandike, rudia. Kama jino lina taji la kauri, asidi ya fosforiki peke yake haitalikwangua, na hapo unahitaji maandalizi ya aina nyingine.

Kama gundi imebaki kwenye jino, tena ina alama za wavu wa kitako cha braketi, jino halina kosa. Braketi ilitikiswa wakati gundi inaganda, mwanga haukufika chini yake, au kitako kilishikwa kwa kidole kabla ya kubandikwa. Gundi ikiwa imepasuka katikati, nusu huku nusu kule, kwa kawaida kiungo kilikuwa kizuri ila kilizidiwa na mgongano.

Braketi ileile ikibanduka mara ya pili, acha habari ya gundi na umwambie mgonjwa aume karatasi ya rangi. Alama ikiwa juu ya braketi umepata jibu: inua mkutano wa meno kwa gundi kidogo juu ya magego, au subiri nafasi ipatikane ndipo ubandike. Braketi za kauri zinahitaji tahadhari zaidi hapa, kwa kuwa kauri ni ngumu kuliko enameli. Ikiwekwa kwenye meno ya chini ya mbele huku ya juu yakiyafunika sana, kinacholika ni jino la juu, na enameli iliyolika hairudi.

Waya umenyooka, jino limepinda

Meno yamefika kwenye waya mnene, mfereji umejaa, na bado jino moja linakera jicho. Chanzo ni mahali braketi ilipokaa, na sura ya kosa hukuambia ni kosa gani. Jino lililozunguka: braketi imesogea mbele au nyuma ya mstari wa katikati ya jino. Jino lililoegemea jirani yake: braketi ilibandikwa ikiwa imepinda kulingana na mhimili mrefu wa jino. Jino refu au fupi kuliko wenzake: kimo cha braketi. Na hili la kimo lina jambo ambalo watu husahau: uso wa jino umejikunja kutoka fizini hadi nchani, kwa hiyo braketi ikipanda au kushuka inabadilisha pia msokoto ambao waya utaupa mzizi, yaani kuuzungusha kuelekea ndani au nje ya mdomo.

Tiba ni kubandua na kubandika upya mapema, kisha kurudi kwenye waya laini. Najua inauma kurudi nyuma hatua mbili. Lakini kukunja waya kila miadi ili kufidia braketi moja ni kazi isiyoisha, na kila waya mpya utakudai kunja lilelile.

Waya wa kwanza uko mdomoni, meno hayapangiki

Nyaya za nikeli-titani zina sifa ambayo chuma cha pua hakina: hupinda mbali na kutoa nguvu ileile, karibu bila kupanda. Metali hiyo ilitoka kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, kwa William Buehler na wenzake, na George Andreasen akaileta kwenye meno mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo ikishindwa, tafuta kilichoizuia.

Anza kwa kutazama braketi kutoka ubavuni. Waya umekaa chini kabisa ya mfereji, au unaelea mdomoni mwake? Mpira wa kufungia ukilegea, jino linaachwa nyuma. Kinyume chake ni tatizo pia: ukikaza kila braketi kwa nguvu zote, waya hauwezi kuteleza, na meno yaliyosongamana hayana budi kupewa waya unaoteleza. Kisha jiulize kama nafasi ipo. Jino lenye upana wa milimita 7 haliingii kwenye pengo la milimita 5, hata waya uwe wa namna gani. Fungua nafasi kwanza kwa springi ya kusukuma, ndipo ulifunge. Mwisho toa waya uulaze mezani. Kama umebaki na kunja la kudumu baada ya kutafunia kitu kigumu, au mwisho wake umechomoka kwenye tyubu ya gego (kibomba kinachoshika mwisho wa waya), huna haja ya kutafuta zaidi.

Usiupime waya huu kwa vidole. Baadhi ya nyaya za nikeli-titani zenye shaba zimetengenezwa zikakamae kwenye nyuzi 27, 35 au 40 za Selsiasi, na zile za 40 huonekana zimelegea kabisa mkononi. Mgonjwa anayesema maji baridi humtuliza hajidanganyi; waya wake umelainika kweli kwa muda.

Kuna hali moja inayohitaji uangalifu wa pekee: chonge iliyokaa juu sana. Unaifunga kwa waya laini ili ishuke, na baada ya miezi miwili meno ya jirani ndiyo yamepanda, na upande huo haukutani tena na taya ya chini. Waya laini hauchagui nani asogee. Weka waya mgumu wa chuma cha pua, kama inchi 0.018, kwenye meno yote mengine, upitishe juu ya chonge bila kuigusa, halafu funga waya mwembamba wa nikeli-titani juu yake kwa ajili ya chonge peke yake. Huo mgumu unashikilia majirani, mwembamba unavuta.

Pengo halifungi

Hapa ndipo muda mwingi wa wagonjwa unapopotea, kwa hiyo tukae kidogo. Jino likiteleza kwenye waya halisogei kama shanga kwenye uzi. Linainama kidogo, kona mbili za braketi zinauma waya, waya unalinyoosha, kona zinaachia, kisha linainama tena. Msuguano wa kawaida wa metali kwa metali ni sehemu ndogo ya kizuizi. Kikubwa ni huko kuumwa kwa waya.

Fanya hesabu uone. Waya wenye kimo cha inchi 0.019 ndani ya mfereji wa 0.022 unabakiza nafasi ya inchi 0.003, yaani kama milimita 0.08. Braketi yenye upana wa milimita 3 ikiinama digrii moja na nusu tu, kona zote mbili zimeshagusa. Sasa fikiria umeanza kuvuta wakati meno hayajakaa sawasawa kwenye mstari: kona zinauma kabla hujavuta hata gramu moja. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya pengo lililogoma huwa ni kuacha waya mnene ukae mwezi mzima au zaidi bila kuvuta chochote, mpaka uweze kuuchomoa kwa nyuma bila kung'ang'ana nao. Waya ambao mkono wako hauwezi kuutelezesha, springi nayo haitautelezesha.

Upana wa braketi nao una neno lake. Tuseme unavuta kwa gramu 50 na kitovu cha ukinzani wa jino (mahali kwenye mzizi ambapo nguvu ikipita jino husogea bila kuinama) kiko milimita 10 juu ya braketi. Ili jino liende wima, braketi inatakiwa kutoa momenti, yaani nguvu ya kuzungusha, ya gramu-milimita 500. Braketi yenye upana wa milimita 4 itaitoa kwa gramu 125 katika kila kona. Yenye upana wa milimita 1 italazimika kubana kwa gramu 500. Braketi nyembamba inapendeza mwanzoni, kwa kuwa inaacha waya mrefu zaidi kati ya jino na jino. Wakati wa kuteleza inakudai.

Baada ya hapo, chomoa waya uutazame kwa kioo cha kukuza. Mara nyingi utaona vialama vya meno ya braketi: mikwaruzo mifupi, kila mmoja mahali kona ilipokaa. Ukipitisha ukucha na ukakwama, braketi pia ilikwama. Badilisha waya. Nyaya za titani ya beta (aloi ya titani), alizozileta Charles Burstone mwaka 1980 hivi, ni nzuri mno kwa vitanzi vinavyokunjwa kwenye waya ili kuvuta meno, lakini uso wake una msuguano mkubwa. Kuzitumia kwa kutelezesha ni kujitafutia lawama.

Vizuizi vingine ni vya kuonekana tu kwa mwenye kuangalia. Mwisho wa waya umekunjwa nyuma ya gego, kwa hiyo hakuna pa kutelezea. Braketi ya premola (jino lililo kati ya chonge na magego) imebanduka ikabaki inaning'inia kwenye waya. Ncha ya chonge ya chini inagonga chonge ya juu kila inapotaka kurudi nyuma. Fizi zimejikusanya pengoni. Au mfupa wenyewe umekuwa mwembamba kwa sababu jino lilitolewa zamani, na hapo mwendo utakuwa wa polepole hata ukifanya kila kitu sawa.

Ukishamaliza hayo yote, ndipo uulize habari ya nguvu. Mnyororo wa mpira hupoteza karibu nusu ya nguvu yake ndani ya saa 24 za kwanza, kwa hiyo namba uliyoipima siku ya kuufunga si namba anayokwenda nayo mgonjwa. Springi ya nikeli-titani iliyofungwa kati ya gego na ndoano hushikilia nguvu yake vizuri zaidi. Milimita moja kwa mwezi ni mwendo mzuri. Mwenye kuahidi zaidi ya hapo ana ya kueleza.

Pengo linafunga, lakini meno yanalala

Hili ni baya kuliko pengo lililogoma, kwa kuwa linapendeza kwa nje. Namba za pengo zinashuka, mgonjwa anafurahi, kumbe taji linakwenda na mzizi umebaki nyuma. Ukitazama ubavuni, meno pande zote mbili za pengo yameinamia ndani yake, katikati ya taya pamekunjika, na meno ya juu ya mbele yameanza kufunika ya chini kuliko mwanzo.

Chanzo kimoja ni waya mwembamba unaovutwa kwa nguvu kubwa. Waya unakunjika kama kamba ya kuanikia nguo iliyozidiwa mzigo, na meno yanafuata kunja hilo. Acha kuvuta kabisa, rudi kwenye waya laini unyooshe, panda hadi waya wa mstatili, kisha anza tena na nguvu ndogo. Hakuna njia ya mkato hapa. Kuvuta huku unanyoosha kwa wakati mmoja hukutoa jasho na kukurudisha palepale.

Chanzo cha pili kinahusu meno ya mbele peke yake, nacho kiko kwenye usanifu. Kati ya waya wa inchi 0.019 kwa 0.025 na mfereji wa 0.022 kuna nafasi ya waya kuzunguka takriban digrii 10 kabla haujagusa kuta. Braketi ya Andrews ina msokoto wa digrii 7 kwenye jino la katikati la juu. Toa 10 kwenye 7: jino linaweza kulala nyuma hadi digrii 3 upande usiotakiwa kabla waya haujaanza kulizuia. Hiyo ni sababu mojawapo ya braketi za baadaye kuongezewa: daktari Roth akaweka 12, na wenzake wa baadaye, McLaughlin, Bennett na Trevisi, wakaweka 17. Mifereji mingi pia hutoka kiwandani ikiwa mipana kidogo kuliko namba iliyoandikwa, kwa hiyo usishangae nafasi ikizidi hata digrii 10. Ukiona meno ya mbele yanalala, ongeza msokoto kwenye waya wenyewe, punguza nguvu ya kuvuta, au panda hadi waya wa 0.021 kwa 0.025 kama meno yameshakaa vizuri vya kutosha kuupokea.

Nyuma kunasogea mbele

Pengo limefungwa na magego, wakati ulitaka lifungwe na chonge. Nanga yako, yaani meno uliyoyategemea yasisogee, ilikuwa dhaifu. Njia za kuiongeza nguvu ni nyingi, kuanzia kuunganisha magego pamoja hadi skrubu ndogo za mfupani. Ila kabla ya skrubu, angalia mahali ulipokunja waya. Kunja la V lililo katikati kabisa kati ya tyubu na braketi hutoa momenti sawa pande zote mbili. Likisogezwa karibu na gego, momenti ya gego inazidi, na gego linashikilia mahali pake vizuri zaidi. Milimita chache za kunja hilo zinaweza kubadilisha upande unaosogea.

Springi na vitanzi

Kitanzi cha kufungia pengo kikiwa kikali mno, usikitupie lawama chuma; angalia urefu wa waya uliotumika. Kitanzi kirefu zaidi, au chenye kichwa cha T, kina waya mwingi, kwa hiyo nguvu hushuka taratibu pengo linapopungua. Ukikitengeneza kwa titani ya beta, ugumu wake hauzidi nusu ya ule wa chuma cha pua. Kumbuka pia kwamba waya hustahimili zaidi ukipindwa kuelekea upande uleule ulioukunja mara ya mwisho. Kitanzi kilichotengenezwa kwa kukunja upande mmoja na kuvutwa kwenda upande wa pili hulegea mapema, na mwenye kifaa hubaki akishangaa.

Kwenye kifaa cha kuvaa na kuvua, springi ya kidole ya waya wa milimita 0.5 ndiyo ya kawaida. Ukiweka waya wa 0.7 kwa kuogopa kuvunjika, umeongeza ugumu karibu mara nne. Jino lisiposogea, angalia plastiki iliyo mbele ya njia yake, kisha angalia kama springi imekaa karibu na fizi. Ikikaa karibu na ncha ya jino, huteleza, na jino huinama tu. Na kama kifaa kinapwaya kwa sababu vishikizo vimelegea, springi inakiinua kifaa badala ya kulisukuma jino. Kisha kuna swali la uvaaji. Anayekivaa kweli hukiweka bila kioo, huzungumza nacho bila kugugumia, na kwenye kaakaa lake kuna alama ya ukingo wa kifaa.

Waya unachoma shavu

Meno yakijipanga waya huteleza, na mwisho wake hutokeza nyuma. Kata, au kunja. Mwisho wa nikeli-titani haukunjiki mpaka uuchome kwanza kwa moto, nje ya mdomo.

Maumivu, kulegea na mizizi

Maumivu yanayokolea baada ya siku moja na kuisha ndani ya wiki ni ya kawaida. Jino moja linalouma zaidi ya wenzake na kutikisika sana mara nyingi linagongwa. Karatasi ya rangi tena. Fizi na midomo ikiwa myekundu kila mahali metali inapogusa, uliza kama mgonjwa huwashwa na hereni au saa, kwa kuwa nikeli iko kwenye chuma cha pua na kwenye nikeli-titani pia. Titani ya beta haina.

Kuna dalili moja isiyouma kabisa, nayo ni mzizi kufupika. Mdomoni hutaiona. Piga eksirei ya meno ya mbele baada ya miezi sita hadi kumi na miwili ya matibabu, hasa kwa mwenye mizizi iliyochongoka au jino lililowahi kuumia. Ukikuta imefupika, weka waya usiovuta, toa minyororo na springi zote, acha miezi miwili au mitatu ipite, kisha urudi na nguvu ndogo na lengo fupi zaidi.